AFYA KIJIJINI: Siri ya Mgonjwa ni Mali ya Mgonjwa

Mwezi huu tunazungumza juu ya siri. Si siri ya serikali, wala siri ya wezi wa ng'ombe. Ni siri ya mtu aliyekwenda zahanati akiwa na ugonjwa wa zinaa. Nani anapaswa kuijua? Nani hapaswi? Na mgonjwa mwenyewe ana wajibu gani kwa mwenzi wake?

Jambo hili linatuhusu sana sisi tunaoishi Kemambo na vijiji vya jirani, upande wa Tarime na upande wa Serengeti. Kwetu kuna dhahabu. Mgodi wa North Mara ulianza kazi mwaka 2002, na watu wengi wamekuja Nyamongo kutafuta riziki. Wengine wameacha wake zao mbali. Zipo baa na nyumba za wageni. Mahali penye fedha na wapita njia wengi, magonjwa ya zinaa hupata njia pia. Kisonono, kaswende na virusi vya UKIMWI havichagui mwenyeji wala mgeni.

Wakurya tuna desturi ya iritongo. Mambo mengi yanayohusu jamii huzungumzwa pale hadharani, mbele ya wazee. Ng'ombe wakiibwa, hatufichi. Desturi hiyo ni nzuri. Lakini mwili wa mtu si ng'ombe wa wizi. Ugonjwa wa mtu haupelekwi mkutanoni.

Kwa nini watu hukimbia zahanati iliyo karibu

Mtu aliyeona dalili za kisonono anajua kuwa anaumwa. Akienda haja ndogo anasikia moto. Anaona usaha. Zahanati iko karibu, lakini haendi. Kwa nini?

Ni kwa sababu akifika pale atamkuta shemeji yake amekaa kwenye benchi. Atamkuta jirani yake anafagia. Labda chumba cha daktari hakina mlango, kina pazia tu. Anajiuliza, "Nikieleza shida yangu hapa, jioni si itakuwa imefika kilabuni?"

Basi mmoja anavuka Mto Mara kwenda kutibiwa mahali asipojulikana. Amepoteza siku nzima na nauli. Mwingine anakwenda dukani kununua vidonge. Anameza viwili vitatu, maumivu yanapungua, anaacha. Ugonjwa haujaisha, umejificha tu. Mwingine anakaa kimya na kuendelea kuwaambukiza wengine.

Hasara ya kukaa kimya ni kubwa. Kidonda cha zinaa kisichotibiwa ni mlango wazi kwa virusi vya UKIMWI. Wenzetu wa mkoa wa Mwanza walishiriki katika jaribio kubwa juu ya jambo hili kuanzia mwaka 1991 hadi 1994. Zilichaguliwa jumuiya 12 za vijijini. Katika jumuiya 6, wafanyakazi wa vituo vya afya na zahanati walifunzwa vizuri kutibu magonjwa ya zinaa. Dawa zililetwa bila kukatika. Wananchi walielimishwa. Watu wapatao 12,000 katika jumuiya zote walifuatiliwa kwa miaka miwili. Katika zile jumuiya 6 zilizosaidiwa, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa pungufu kwa asilimia 40 hivi. Matokeo hayo yalitangazwa duniani mwaka 1995.

Majaribio mengine yaliyofanywa baadaye nchini Uganda, kwa njia tofauti, hayakuonyesha punguzo kama hilo. Hata hivyo, somo la Mwanza linabaki. Zahanati ya kijiji yenye dawa na wafanyakazi waliofunzwa inaweza kuokoa watu wengi.

Lakini dawa haina miguu. Haiwezi kumfuata mgonjwa nyumbani. Mgonjwa lazima aje mwenyewe, na akifika lazima aseme ukweli. Mtu hasemi ukweli mahali ambapo siri haitunzwi. Kwa hiyo siri ni sehemu ya matibabu, sawa na sindano na vidonge.

Kiapo na sheria

Kutunza siri si hisani ya muuguzi. Ni wajibu wake. Zamani sana, mwaka 1893, wauguzi wa Detroit huko Marekani walitungiwa kiapo. Kilipewa jina la Florence Nightingale, muuguzi mashuhuri wa Uingereza. Kiapo hicho kinamtaka muuguzi atunze mambo ya mgonjwa na ya nyumba yake anayoyajua kwa sababu ya kazi. Tangu hapo wauguzi wa nchi nyingi wamekuwa wakiapa hivyo.

Hapa kwetu tuna Katiba. Ibara ya 16 inalinda nafsi ya mtu, maisha yake binafsi na familia yake. Tena ipo Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008. Sheria hiyo inasema kuwa majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI ni siri, na hupewa mtu aliyepimwa.

Wapo wachache wengine ambao sheria imewataja kuwa wanaweza kupewa majibu. Wa kwanza ni mzazi au mlezi, ikiwa aliyepimwa ni mtoto. Wa pili ni mwenzi wa ndoa au mlezi wa mtu asiyeweza kuyaelewa majibu. Wa tatu ni mwenzi wa ndoa au mwenzi wa kujamiiana. Wa nne ni mahakama.

Hesabu tena orodha hiyo. Mwenyekiti wa kijiji hayumo. Mama mkwe hayumo. Mchungaji hayumo. Tajiri aliyekuajiri hayumo. Rafiki wa muuguzi hayumo.

Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa. Kijana aliyefika miaka 15 anaweza kuamua mwenyewe kupimwa. Mtu mzima pia aliruhusiwa kujipima kwa kifaa maalumu. Mambo haya yaliwekwa ili watu wengi zaidi wajue hali zao bila kuogopa macho ya wengine.

Wenye wajibu ni wengi

Usidhani kuwa wajibu huu ni wa daktari na muuguzi peke yao. Sheria ya mwaka 2008 imewataja pia waajiri, watu wanaoandika kumbukumbu, na hata wakalimani wa lugha ya alama. Kila anayeshika habari za ugonjwa wa mtu anatakiwa kufunga kinywa.

Fikiri juu ya bibi kizee anayesema Kikurya tu. Muuguzi ametoka mkoa mwingine. Wanahitaji mkalimani. Mara nyingi huitwa mjukuu, au mtu yeyote aliye kwenye benchi. Je, bibi atasema kuwa ana kidonda sehemu za siri mbele ya mjukuu wake? Hatasema. Atasema kichwa kinamuuma. Atapewa dawa ya kichwa, na kidonda kitabaki. Muuguzi mwema atatafuta mfanyakazi mwenzake anayejua Kikurya. Tena atamuuliza bibi kwanza kama anamkubali.

Sasa tuje kwako wewe, ndugu mwanakisomo. Zamani kadi ya kliniki ilisomwa na watu wachache. Aliyekuwa nayo hakuweza kuisoma. Alimpelekea mtoto wa shule amsomee, na mtoto akajua siri ya mama yake au shangazi yake. Leo wewe unaweza kuisoma kadi yako mwenyewe. Hiyo ni faida kubwa ya kisomo. Soma jina lako, soma tarehe ya kurudi, soma namna ya kumeza dawa. Siri yako imerudi mkononi mwako.

Lakini kisomo kimeleta wajibu pia. Kadi ya jirani ikiwa mezani, usiisome. Na kama jirani asiyejua kusoma amekuomba umsomee, umekuwa mkalimani wake. Msomee yeye peke yake, kwa sauti ndogo. Ukiondoka pale, uliyoyasoma yabaki pale.

Siku hizi ziko simu zinazopiga picha. Picha ya daftari la zahanati inaweza kuzunguka wilaya nzima kabla ya jua kutua. Kupiga picha kumbukumbu za mgonjwa na kuwapelekea watu ni kosa. Tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na habari za afya ya mtu zinalindwa humo.

Mficha uchi hazai

Labda msomaji atasema, "Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mbona nyinyi wauguzi mnafundisha watu kuficha?"

Ndugu msomaji, methali hiyo haikusema mtu avue nguo sokoni. Mama anayejifungua hamfichi mkunga. Lakini mkunga hatoki nje na kutangaza aliyoyaona. Methali inatufundisha kumwambia anayehusika. Katika ugonjwa wa zinaa wanaohusika ni wawili: anayekutibu na mwenzi wako.

Chukua mfano wa mama mjamzito. Amekwenda kliniki, amepimwa damu, ameonekana ana kaswende. Kaswende isiyotibiwa inaweza kuharibu mimba. Mtoto anaweza kuzaliwa amekufa, au akazaliwa na ugonjwa. Tiba ipo, ni sindano ya penisilini. Mama anachomwa, anarudi nyumbani. Mumewe hajatibiwa. Baada ya wiki chache mama ana kaswende tena. Ni sawa na kufukuza nyani kwenye shamba la mahindi huku ukiwaachia upenyo upande wa pili.

Kwa hiyo mume lazima atibiwe. Muuguzi humpa mama kikaratasi cha kumwita mwenzi wake. Kikaratasi hicho hakipaswi kutaja jina la ugonjwa. Kinamwomba tu anayekipokea afike zahanati. Akifika, anapimwa na kutibiwa kwa siri yake mwenyewe. Muuguzi hamwambii, "Mkeo ndiye aliyekuleta na ugonjwa." Wala hatafuti nani alianza. Kaswende inaweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili. Mwenye kuonekana nayo kwanza si lazima awe ndiye aliyeileta. Mara nyingi mama huonekana kwanza kwa sababu yeye ndiye anayepimwa kliniki.

Nyumba ya wake wengi, na nyumba ntobhu

Kwetu ziko nyumba za mume mmoja na wake watatu au wanne. Mmoja akipata ugonjwa, wote wako hatarini. Hapa mume ana kazi ya kuwaambia wake zake wote wafike. Muuguzi humwona kila mmoja peke yake. Mke mkubwa hataambiwa majibu ya mke mdogo. Mke mdogo hataambiwa majibu ya mke mkubwa. Kila mmoja ana kadi yake na siri yake.

Iko pia nyumba ntobhu. Mama mtu mzima ametoa ng'ombe, ameoa binti, ili watoto wazaliwe kwa jina la nyumba yake. Binti anazaa na mwanamume. Siku moja binti anaonekana na ugonjwa wa zinaa. Nani aambiwe?

Mama aliyetoa ng'ombe atasema, "Huyu ni mke wangu. Mahari nimetoa mimi. Nina haki ya kujua." Tunamheshimu mama yetu. Lakini ugonjwa huu haukupita kwake, wala yeye hahitaji kutibiwa. Anayehitaji kuitwa ni yule mwanamume, na wanawake wengine anaokutana nao. Mama huyo atajua ikiwa binti mwenyewe ataamua kumwambia. Akiamua kumwambia ni vizuri, maana huenda mama akawa msaada mkubwa. Lakini ng'ombe hawanunui siri ya mwili wa mtu.

Jambo hili ni gumu kwa muuguzi anayeishi kijijini. Mama huyo anaweza kuwa shangazi yake. Anaweza kuja nyumbani jioni na kuku mkononi, akiuliza kwa upole. Jibu la muuguzi ni moja: "Mama, habari za mgonjwa muulize mgonjwa." Na jibu liwe hilo hilo hata kama binti hana ugonjwa wowote. Muuguzi akisema "hana kitu" kwa huyu, na "siwezi kusema" kwa yule, tayari amekwisha kusema.

Kumwambia mwenzi

Virusi vya UKIMWI vina uzito wake. Wagonjwa wa kwanza hapa Tanzania walionekana mkoani Kagera mwaka 1983. Wakati huo dawa ya kuvizuia virusi haikuwapo, na watu waliogopa sana. Tangu mwaka 2004 serikali ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo. Leo mtu akimeza dawa vizuri kila siku, virusi hufubaa. Vikifubaa hata visionekane kwenye kipimo, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Huu ni ujumbe wa matumaini. Unamrahisishia mtu kusema.

Na kusema ni wajibu. Sheria ya mwaka 2008 inamtaka mtu anayejua kuwa ana virusi amwambie mwenzi wake wa ndoa au wa kujamiiana mara moja, na achukue hatua za kumkinga. Anayeambukiza mwingine kwa makusudi anaweza kufungwa miaka 5 hadi 10.

Lakini tuseme ukweli: wako wanawake wanaoogopa. Wanaogopa kipigo, kufukuzwa, na kunyang'anywa watoto. Hofu hiyo si ya kubuni. Utafiti uliofanywa katika kituo cha ushauri na upimaji jijini Dar es Salaam, na kutangazwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa wanawake vijana wenye virusi walikuwa wamepigwa na wenzi wao mara nyingi zaidi kuliko wanawake vijana wasio na virusi. Basi muuguzi asimwambie mama, "Nenda kaseme leo leo," halafu akafunga daftari. Amuulize kwanza: "Nyumbani pakoje? Ukisema, utapata nini?"

Ziko njia nne za kumsaidia.

1. Mgonjwa amwambie mwenzi wake mwenyewe, baada ya kupanga maneno na muuguzi.
2. Mgonjwa aje na mwenzi wake, waambiwe wote wawili pamoja na muuguzi akiwapo.
3. Mgonjwa amlete mwenzi wake wapimwe pamoja, kama vile hajapimwa, ili wapokee majibu pamoja.
4. Mgonjwa akikubali, muuguzi amwite mwenzi huyo bila kutaja jina la mgonjwa.

Muuguzi amsaidie mgonjwa mpaka aweze. Sheria inaruhusu mwenzi kupewa majibu, maana maisha yake pia yana thamani. Lakini mlango huo usifunguliwe kwa haraka wala kwa hasira. Nyuma yake kuna mama na watoto.

Nje ya mwenzi wake, mtu halazimiki kumwambia yeyote. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alitangaza hadharani kuwa ana UKIMWI. Alizunguka akifundisha vijana mpaka alipofariki mwishoni mwa mwaka huo. Alisaidia watu wengi. Lakini aliyesema ni yeye mwenyewe. Siri ilikuwa yake, na aliitoa kwa hiari yake.

Siri si kichaka cha mkosaji

Liko jambo moja ambalo halifichwi. Mtoto akiletwa zahanati na ugonjwa wa zinaa, au na majeraha ya kubakwa au kukeketwa, muuguzi hawezi kunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kuwa haki za mtoto zinavunjwa atoe habari kwa serikali ya mtaa. Habari hizo zipelekwe kwa wanaohusika tu: ustawi wa jamii na polisi. Jina la mtoto lisipelekwe kisimani. Tunamfichua mkosaji, tunamfunika mtoto.

Siri yako ikivuja

Kama mfanyakazi wa zahanati ametoa siri yako, usikae kimya, wala usiache dawa. Mwone mganga mfawidhi wa zahanati. Usiporidhika, peleka malalamiko kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Kama aliyekosa ni muuguzi au mkunga, liko Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania lenye uwezo wa kumwadhibu, hata kumfuta kwenye orodha ya wauguzi. Sasa unajua kuandika. Andika barua yako mwenyewe. Taja siku, mahali, na maneno yaliyosemwa.

Na sisi wanakijiji tuisaidie zahanati yetu. Kama chumba hakina mlango, kamati ya zahanati ilizungumze. Fundi yupo, mbao zipo. Mlango mmoja unaweza kuwarudisha wagonjwa wengi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Je, katika zahanati yenu mtu aliye nje anasikia yanayosemwa ndani? Mtafanya nini?
2. Jirani asiyejua kusoma amekuomba umsomee kadi yake. Utamsomea wapi, na baada ya hapo utafanya nini?
3. Mume ameletewa kikaratasi cha kwenda zahanati. Afanye nini kabla ya kugomba na mkewe?
4. Nani wametajwa na sheria kuwa wanaweza kupewa majibu ya mtu aliyepimwa?

Msigombane katika kujibu. Na msitaje jina la mtu yeyote wa kijiji chenu kama mfano. Mkianza kutunza siri hapo kikundini, mtakuwa mmelielewa somo la mwezi huu.

Tukutane tena mwezi ujao.